Rimoti ya Vumbi kwenye Kisomo cha Bi Asha

Leo nimekaa kwenye kisomo cha kufukuza shetani, kumbe shetani mwenyewe ni mie.

Mnajua nachonga milango hapa nyumbani, Vitongoji. Kifua changu hakiwezi tena vumbi la mbao, kwa hiyo nilinunua mashine ya kulivuta, yenye swichi ya rimoti.

Jirani yangu Bi Asha ni mjane, anaishi peke yake. Wiki nzima feni yake ya dari inawaka na kuzima yenyewe. Maskini, usingizi umempaa. Leo kamwita Shehe amsomee, na majirani tukaitikie dua.

Nimetoka kazini nimechoka, rimoti imo mfukoni. Nikakaa vibaya.

Feni ikawaka! Kina mama wakapiga kelele. Shehe akapandisha sauti.

Nikaitoa rimoti, nikabonyeza. Feni ikazima.

"Bi Asha, nisamehe. Ni mie. Rimoti yangu inaingiliana na ya feni yako."

Nilitamani ardhi inimeze.

Bi Asha akaguna, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Sasa mwanangu, umeizima ya nini? Hulioni joto hili?"

Nikaiwasha. Shehe akaendelea.

Anayejua kuzitenganisha rimoti hizi aniambie, jamani. Nimechoka, na kesho nina mlango wa kumaliza.