Mtetea wa Mwalimu

Dada yangu tumemzika juzi. Majirani wananiona nacheka peke yangu, wanadhani msiba umenizidi. Namkumbuka yeye na mtetea wa mwalimu, basi.

Miaka ile reli ilikuwa ngeni Shinyanga. Shule yetu ilikuwa banda la nyasi. Mwalimu, mtu wa pwani, alisema herufi hulisha nusu tu ya mtoto. Nusu nyingine yataka kazi za mikono na huruma. Wasichana tulikuwa wawili tu, mimi na dada, na baba alitukubalia kwa shingo upande. Tukifukuzwa, hakuna kurudi.

Siku moja mwalimu akatukabidhi mtetea.

"Mleeni," akasema. "Mwezi ukiandama mniletee nimwone. Asiyejua kutunza uhai hana nafasi kwangu."

Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza. Nyumbani mama akauliza kwa Kisukuma, "Kasemaje?"

"Kasema tumle," dada akajibu. "Halafu mwezi ukiandama tumpelekee amwone."

Mama akafikiri kidogo. "Watu wa pwani wana mila zao. Tutamtunzia mifupa."

Tukamla. Baba akapewa firigisi, kama desturi. Mifupa tukaiosha, tukaianika juani.

Mwezi ulipoandama tukaenda, tumejaa fahari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mtetea yuko wapi?"

Dada akafungua kitambaa. "Huyu hapa."

Mwalimu akaitazama ile mifupa. Nikaona heri niseme kweli yote: "Firigisi kala baba."

"Nilisema nini mimi?"

"Mleni," tukajibu pamoja.

"Mleeni!"

"Ndiyo, mwalimu. Mleni."

Akarudia mara tatu, akiivuta ile sauti kama kamba ya kisima, mpaka dada akaelewa. Akashika mdomo. Kicheko kikamtoka puani, kikanipata na mimi, na huku najua kabisa tunafukuzwa. Mwalimu akatoka akaenda nyuma ya banda. Mabega yake tuliyaona kwenye nafasi za nyasi, yanatikisika.

Aliporudi alikuwa anafuta macho.

"Aliyeosha mifupa hivi anajua kutunza," akasema. "Kesho njooni na mama yenu."

Mama akaja. Mwalimu akampa kifaranga mkononi, akamweleza kwa Kisukuma kibovu mno, akiigiza kumwaga mtama na kufunga mlango wa kibanda. Mama alicheka hadi akakaa chini. Kifaranga yule tulimlea, akakua, akatotoa mara nyingi, na shule hatukuiacha.

Ila nikisema ukweli, yule wa kwanza alikuwa mtamu.