Viongozi Tele, Mwanachama Mmoja

Fundi alishona sare za shule, mapazia, na suruali za watu walionenepa bila kukubali kwamba wamenenepa. Mteja akija na gauni lisilofunga, Fundi hakugusia kiuno chake hata kidogo. Alikilaumu kitambaa. Alisema vitambaa vya siku hizi vinasinyaa sana vikifuliwa, kisha akafumua mshono wa pembeni na kuongeza kipande, na mteja akaondoka ameridhika, kiuno na heshima yake vyote vimepata nafasi.

Kipaji hicho cha kuwastahi watu ndicho kilichomfanya awe mwenyekiti mzuri, na ndicho hicho kilichokaribia kukiua chama chake.

Chama chenyewe kilianzia wodini. Mume wake alipolazwa katika hospitali ya mji, Fundi alimpelekea supu kila jioni. Kwenye kitanda kilichofuata, karibu na dirisha, alilala mwanamume ambaye hakuwa na mgeni hata mmoja. Siku ya kwanza Fundi alimgawia supu kwa huruma. Siku ya pili yule bwana alimjulisha kwamba supu ya jana haikukolea chumvi. Siku ya tatu alimuuliza mbona amechelewa. Mume wake alicheka mpaka akakohoa.

"Mke wangu," alimwambia, "umeshapata mume wa pili, tena huyu mkorofi kuliko mimi."

Mume alipofariki, Fundi alikaa nyumbani siku zake za msiba, kisha akaosha ile chupa ya supu na kurudi wodini kwa yule mkorofi. Hakujua aipeleke wapi kwingine miguu yake iliyoizoea njia ile. Baada ya muda aliwavuta majirani, majirani wakavuta jamaa zao, na hivyo ukazaliwa Umoja wa Ndugu wa Wasio na Ndugu. Kila Jumapili alasiri, kwa ruhusa ya Sista Mkuu, waliingia wodini kabla ya saa ya wageni. Waliwalisha wasioweza kushika kijiko, wakawanyoa, wakawakata kucha na kuwasikiliza. Mgonjwa asiye na mtu alipewa mtu papo hapo: huyu shangazi yako, huyu mjomba wako, zoeaneni. Sista aliwapa hata chumba kidogo cha mashuka wawekee mabeseni yao.

Yule bwana wa dirishani alipona, akaenda zake, akazeeka, akarudi. Sasa wote walimwita Babu wa Dirishani, na bado alilalamikia chumvi.

Lakini kujitolea kuna utamu wake, na utamu huo huisha. Wa kwanza kuchoka alikuwa kinyozi. Alimfuata Fundi kibandani, akakaa juu ya marobota ya vitambaa, akaeleza kwamba wiki nzima ananyoa watu na Jumapili tena ananyoa watu, na wale wa Jumapili hawasemi hata asante. Fundi alimsikiliza huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Alipomaliza, alimtazama kama anavyotazama gauni lisilofunga.

"Kosa langu," alisema. "Mtu kama wewe nimekuachaje bila cheo?"

Akachukua kipande cha kitambaa cha sare, akashona beji palepale, akatarizi kwa uzi wa manjano: Mkuu wa Idara ya Nywele na Ndevu. Jumapili iliyofuata kinyozi alifika wa kwanza, amevaa koti.

Basi Fundi akaona dawa ndiyo hiyo. Aliyechoka alishonewa. Karani mstaafu wa mahakama, mtu aliyependa taratibu kuliko chakula, alikuwa Katibu Mkuu. Mama wa duka la vyombo alikuwa Msimamizi wa Mito. Mapacha wawili wa mtaa wa nyuma waligombania kucha, Fundi akawagawia: mmoja Mratibu wa Kucha za Mikono, mwingine Mratibu wa Kucha za Miguu, na yule wa miguu akanuna mpaka beji yake ilipoongezwa ukingo wa dhahabu. Wifi yake Fundi, dada wa marehemu, hakuwa amechoka hata kidogo, ila alikataa kuwa mtu mzima pekee asiye na kitu kifuani. Akawa Mlezi wa Heshima.

Kila mtu alikuwa na cheo, na mahudhurio yalikuwa mazuri kupindukia. Fundi alilala usingizi mzito akijiona kiongozi hodari. Kilichomponyoka ni kimoja tu, kwamba mwenye cheo hukaa akingoja mtu wa kumtuma.

Mambo yaliharibika Jumapili ya kawaida kabisa. Kinyozi alimnyoa mgonjwa mmoja akiwa amelala, nywele zikaanguka juu ya mto. Msimamizi wa Mito alidai kwamba hakuna wembe unaopaswa kufika juu ya mto bila yeye kuarifiwa. Kinyozi alijibu kwamba ndevu hazijawahi kuomba ruhusa kwa mto tangu dunia iumbwe. Katibu Mkuu alisema suala hilo ni zito na haliwezi kuzungumzwa mbele ya wagonjwa, kwa hiyo viongozi wote waliingia chumba cha mashuka, wakafunga mlango, na kuanza kikao cha dharura. Fundi aliingia kuwapatanisha.

Nje, chakula cha jioni kiliwasili, kikawekwa kando ya vitanda. Ndani, kikao kilikuwa bado kinajadili mpaka wa ndevu. Walipotoka, supu ilikuwa imeganda kama mshumaa, na Sista Mkuu amesimama katikati ya wodi, mikono kiunoni. Kwenye kitanda cha dirishani Babu alikuwa ameangalia dari.

"Mwanangu," alimwambia Fundi bila hasira, "leo nimeona viongozi wengi. Kijiko sijaona."

Fundi alitamani sakafu ifunguke. Sista hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama Mwenyekiti, Jumapili ijayo niletee wanachama. Viongozi sina haja nao. Ninao wangu humu wa kutosha, nao pia hawalishi mtu. Nikikuta chakula kimepoa tena, mtangoja getini na wengine, na chumba changu nitakichukua nitie ndoo za deki."

Fundi alitembea kurudi nyumbani bila kuona njia. Wakingoja getini hadi saa ya wageni, wagonjwa wao wangekuwa wameshaondolewa sahani zilizojaa. Na yeye angerudi kuwa mjane mwenye Jumapili ndefu.

Wiki hiyo alitafuta mwanachama. Alidhani ni jambo jepesi, kwani hakuhitaji mtu hodari, alihitaji mtu wa kawaida. Alimwambia mteja aliyekuja kupunguza pindo. Mteja alifurahi sana, akauliza atakuwa nani. Fundi alisema atakuwa mwanachama. Mteja alingoja aendelee, na alipoona haendelei, akasema atafikiria. Mwalimu wa chekechea aliyekuja kuchukua sare alisema amesikia kule kuna beji zenye ukingo wa dhahabu, na kwamba yeye angeridhika hata na naibu. Muuza maji alisema hapana moja kwa moja, maana kutumwa anatumwa kila siku, Jumapili anapumzika.

Basi Fundi akajaribu njia ya pili: kupunguza vyeo. Alianza na kinyozi, kwa upole wake wote. Kinyozi alizima mashine katikati ya kichwa cha mteja.

"Mama, ile beji mama yangu ameitundika sebuleni," alisema. "Kila mgeni anaonyeshwa. Sasa nikamwambie nini, kwamba mwanawe kapinduliwa?"

Mteja mwenye nusu ya nywele alimtazama Fundi kwa lawama. Fundi aliomba radhi kwa wote wawili akaondoka. Nguo aliyomvisha mtu kwa mkono wake mwenyewe, hakuona atamvuaje mbele za watu.

Wifi yake alimkuta kibandani ameinamia cherehani bila uzi.

"Umewavisha wote, wifi," alisema akijimiminia chai ya mwenyewe. "Sasa unatafuta wa kutembea uchi. Nani atakubali?"

"Ungekubali wewe?"

"Mimi?" Wifi alishika beji yake kana kwamba kuna kibaka. "Mimi nilikuwa dada wa mumeo kabla sijawa Mlezi. Hiki cheo ni cha ukoo."

Alicheka mwenyewe, akanywa chai yote, akaenda zake. Fundi alibaki ameangalia nguo zilizotundikwa ukutani. Katikati, kwenye ndoano, lilining'inia koti lake la Jumapili lenye beji kubwa kuliko zote, ya rangi ya zambarau, aliyojishonea mwaka wa kwanza. Aliitazama muda mrefu. Kisha akavuta droo na kutoa kifumulio.

Jumamosi jioni aliwaita viongozi wote kibandani. Walibanana kati ya marobota na mapazia ya watu. Fundi aliwarudia maneno ya Sista, kisha akalitwaa koti lake na kuifumua beji mbele yao, uzi kwa uzi. Alisema amejiuzulu.

Katibu Mkuu alisimama haraka. Alieleza kwamba kiti kikiwa wazi hujazwa kwa uchaguzi, na kwamba yeye, kwa kusitasita, yuko tayari. Kinyozi naye alikuwa tayari, bila kusitasita. Msimamizi wa Mito alikuwa tayari ilimradi si kinyozi. Mapacha walipigiana kura, kisha kila mmoja akabadili kura yake alipoona mwenzake anapata. Ilibidi uchaguzi uahirishwe, na wote wakakubaliana kwamba kiti kibaki wazi kuliko kukaliwa na yeyote kati yao.

"Na Sista?" wifi aliuliza. "Kesho tunampelekea wanachama gani?"

"Mimi," Fundi alisema. "Ni mwanachama wa kawaida. Sina cheo chochote."

Walimtazama kama watoto wanaoona mpira mpya. Katibu Mkuu alikuwa wa kwanza kumtuma, akamwomba mwanachama afike mapema na kucha fupi.

Jumapili hiyo hakukosekana hata mmoja. Walimngoja Fundi kwenye mlango wa wodi, beji zimepigwa pasi, kila mmoja na maagizo yake. Chakula kilipoletwa walimwelekeza kitanda cha dirishani, wakajipanga nyuma yake kumsimamia.

Fundi alishika kijiko. Alikuwa amelisha watu wodini humo kwa miaka, na mkono wake ulikwenda wenyewe. Babu alikula vizuri, viongozi wakatikisa vichwa kwa kuridhika, na hakuna aliyesogea. Fundi alitupa jicho wodini. Vitanda vyote vile, sahani zote zile, na mvuke ulikuwa unapungua. Mikono yake ilikuwa miwili tu. Alipokuwa akizihesabu zile sahani, kijiko kiliinama, supu ikamwagikia Babu kifuani.

"La, la, la," alisema Katibu Mkuu, mtu ambaye hakuwahi kuvumilia jambo likifanywa kinyume cha utaratibu. "Hivi sivyo. Lete hapa. Tazama."

Akamnyang'anya kijiko, akaketi, akamwinua Babu kichwa kwa mkono wa kushoto, akaanza kumlisha taratibu, kila kijiko kikiwa na maelezo yake.

Fundi alisimama pale na mikono mitupu, akaelewa. Bila kungoja maelezo yaishe, alihamia kitanda cha pili na kuuweka mto juu chini. Msimamizi wa Mito alifika kabla mgonjwa hajaguna. Alimkalisha vizuri yule mgonjwa, na kwa kuwa sahani ilikuwa karibu, akamlisha kabisa, ili mwanachama aone jinsi mto na chakula vinavyohusiana. Kwenye kitanda cha tatu Fundi alishika wembe kama anayetaka kukata kamba, na kinyozi alitoa sauti ya mtu aliyeumwa jino. Kwa mapacha ilitosha kuuliza kama kucha za miguu na za mikono hukatwa kwa mkasi mmoja. Walimfundisha wote wawili kwa pamoja, kwenye wagonjwa wawili, wakishindana.

Wifi peke yake hakudanganyika. Alimtazama Fundi akiharibu kazi kitanda baada ya kitanda, mwanamke anayeweza kutunga uzi kwenye sindano gizani.

"Marehemu kaka yangu," alimnong'oneza, "hakuwahi kuniambia kwamba kaoa mwigizaji."

"Nishikie kikombe hiki, wifi. Mimi kitaniponyoka."

Wifi alikishika, na kwa kuwa alikuwa ameshakishika, akaketi kumnywesha mwenye kiu.

Sista Mkuu aliingia mikono ikiwa kiunoni tayari. Alikuta kila kiongozi ameketi kando ya kitanda na kijiko au wembe mkononi, akifundisha kwa bidii mwanafunzi asiyekuwepo. Hakuna sahani iliyopoa. Aliuliza mwanachama aliyemwagiza ni yupi. Vidole vyote vilielekea dirishani, ambako Fundi alikuwa amesimama akikaripiwa na Babu kwa ajili ya shati lake.

"Ndiye yule," Katibu Mkuu alisema kwa masikitiko. "Mpya. Bado hajui kazi."

Sista alimtazama mwenyekiti wake wa miaka yote hiyo, akatazama sahani tupu, akafikiria.

"Basi mrudisheni kila Jumapili," alisema, "mpaka ajue."

Chumba cha mashuka hakikutiwa ndoo. Kiti cha mwenyekiti kiko wazi hadi leo, na uchaguzi huahirishwa kila unapoitishwa. Fundi huenda wodini na koti lake lisilo na beji, na hutumwa na kila mtu. Mara moja tu aliingiwa na wasiwasi, siku kinyozi alipomsifu mbele ya wenzake kwamba sasa mwanachama anaanza kuelewa. Alitabasamu, akamshukuru sana, na alipokuwa akipita mlangoni, akaliangusha beseni.

Babu wa Dirishani hajawahi kusema kitu kuhusu mchezo huo. Ila Jumapili moja, wengine walipokuwa mbali, alimpokonya Fundi kijiko, akajilisha mwenyewe mara mbili kwa mkono unaotetemeka, akamrudishia.

"Umeona?" alisema. "Hivyo. Na chumvi uongeze."