Chakula Ndani ya Kamba

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, Shangazi Glenys hujitoboa kidole. Kile kidude cha plastiki kilichobandikwa mkononi mwake kinapima sukari mchana na usiku na kupeleka habari kwenye simu, lakini yeye hakiamini. Anasema mashine ikikuletea habari za mwili wako mwenyewe, lazima uikague. Basi anajitoboa, anatazama, analinganisha, kisha analamba lile tone la damu na kusema, "Haya, tupo." Spana akisikia ule mlio wa kitobolea huinuka, anajinyoosha mbele, anajinyoosha nyuma, anakwenda kusimama penye bakuli lake. Kwa mbwa yule, mlio ule ndio jogoo.

Ni dada wa baba yangu. Nilikuja kukaa naye katika mji mdogo wa Gillabrook nilipoacha shule, na hakuniuliza kwa nini. Anatengeneza mashine za kuvunia ngano. Nusu ya wakulima wa Wimmera, nyanda zetu za ngano, wanamjua kwa buti zake tu, maana ndizo zinazotokeza chini ya mashine anapofanya kazi. Spana alipewa jina lile kwa sababu alipokuwa mtoto aliiba spana karakana akaifukia, na mpaka leo hakuna anayejua iko wapi. Ni kelpie, mbwa wa kuchunga kondoo, mweusi mgongoni, hudhurungi kifuani, na siku ninazozisimulia alikuwa ameanza mvi mdomoni.

Kisukari cha Shangazi si kile kinachowajia watu uzeeni. Kilimkamata akiwa na miaka minane. Anasema kongosho lake lilikufa kama betri ya gari, na tangu siku hiyo gari analisukuma mwenyewe. Friji yetu ina insulini kwenye rafu ya mayai, na chini yake mifupa ya mbwa. Pipi za jeli zimetapakaa kila mahali: kwenye pikapu, kwenye sanduku la vifaa, mfukoni mwa ovaroli zikiwa zimeshikana na grisi. Sukari ikipanda anachoka na kiu haimwishi. Ikishuka ndiyo balaa: jasho linamtoka, midomo inakufa ganzi, maneno yanaburuza miguu, na anakuwa mkali kama siki. Asiyemjua atasema amelewa. Akitafuna pipi zake kidogo, akatulia, anarudi kuwa yeye.

Daktari wa kwanza alimwambia bibi yangu kwamba mtoto huyu hatavuka miaka arobaini. Shangazi sasa ana sitini na mbili. "Nilikwenda kumzika yule daktari," hupenda kusema. "Sandwichi zilikuwa nzuri."

Asichokipenda ni kuulizwa. Kila tunapokwenda kwenye mashindano kuna meza ya chai, na akinyoosha mkono kuchukua keki ya lamington hakosekani mtu wa kuinua nyusi.

"Glenys, unaruhusiwa hiyo?"

"Na wewe unaruhusiwa kuuliza?"

Halafu anaila yote, akimtazama aliyeuliza machoni, na kujidunga sindano yake palepale juu ya nguo.

Mashindano yenyewe ni ya mbwa kuruka viunzi. Mbwa anaruka, anaingia handaki la turubai, anapanda mlima wa mbao na kuteremka, anajipinda katikati ya nguzo kama uzi kwenye sindano, na mwenyewe anakimbia naye akimwonyesha njia. Ufito wa kiunzi ukianguka, umekosa. Mbwa akipita nje ya kiunzi, umekosa. Kabla ya mbio, wenye mbwa wanaingia uwanjani peke yao kuisoma njia, na hapo ungewaona watu wazima wakizunguka kwenye nyasi, mikono inapunga, midomo inasema na mbwa ambaye hayupo. Mpita njia angeita polisi.

Sheria moja ya klabu yetu hata mtoto mchanga anaijua: hakuna chakula ndani ya kamba. Uwanja umezungushiwa kamba, na ukivuka na chakula, hata punje, mbio yako imefutwa. Ni kwa sababu ya hongo. Wapo waliowahi kuficha maini mfukoni ili mbwa awaandame. Merv Pascoe, mwenyekiti wetu, alikuwa akisimama mlangoni akitazama mifuko ya watu kama askari wa gereza.

Shangazi aliitii sheria hiyo miaka yote. Alikula pipi zake nje, akaingia na mifuko mitupu, akakimbia, akatoka. Mpaka mwezi wa nne mwaka ule. Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, mwamuzi alibishana na mtu kuhusu saa, na Shangazi alisimama mlangoni mwa uwanja muda mrefu kuliko pipi alizokula. Alipofika kwenye handaki, miguu ilimwacha. Alianguka kifudifudi, Spana akatoka upande wa pili wa handaki, akaruka kiunzi kilichofuata peke yake, ndipo akatazama nyuma. Gari la wagonjwa lilikuja likapita juu ya nyasi. Soseji zote ziliungua kwa sababu mpishi alikuwa anatazama.

Kamati ilikaa. Shangazi aliomba kitu kimoja tu: aruhusiwe kuingia na pipi zake mfukoni.

"Glen, chakula ni chakula," Merv alimwambia. Alikuwa amekuja mwenyewe karakana, kofia mkononi, na nadhani alijisikia vibaya. "Nikikuruhusu wewe, kesho mwingine ataniambia mjomba wake ana kisukari."

"Spana hali pipi, Merv. Akiwa kazini hata nyama hali. Unamjua."

"Namjua. Lakini sheria haimjui." Akaigeuzageuza kofia. "Tumeona hivi. Dot Hannaford amkimbize mbwa wako. Jina litaandikwa lako, Trethowan, mwenye mbwa. Wewe unakaa kwenye kiti, kivulini, unatazama. Hakuna wa kuanguka, hakuna wa kulia."

"Kama ni jina tu mnalolitaka, andikeni la paka wangu."

"Huna paka."

"Basi ndiyo mjue."

Merv alitoka akikanyaga mafuta. Ila ukweli ulibaki umekaa pale karakana. Spana alibakiza mbio moja safi apate ubingwa. Moja tu. Na nyonga zake zilikuwa zimeanza kukakamaa asubuhi. Baada ya msimu ule asingeruka tena. Shangazi hakutaka ubingwa wa kupokea akiwa kitini, kama zawadi ya kanisani. Alitaka aukimbilie kwa miguu yake, na mbwa wake kando yake. Hakusema hivyo. Nilijua kwa jinsi alivyokuwa akiifunga na kuifungua nati ileile.

Mwezi wa kumi, ngano ilipoanza kugeuka rangi, klabu ikaandaa mashindano yake kwenye uwanja wa maonyesho. Upepo wa kaskazini ulivuma tangu asubuhi, wa moto, na nzi walikaa migongoni mwa watu kama begi. Mwamuzi alikuwa mgeni kutoka Adelaide, mwanamke mrefu aitwaye Ingrid Voss, hacheki ovyo. Mimi nilipewa kazi ya kurudisha fito zinazoanguka.

Wenye mbwa walipoingia kuisoma njia, Shangazi naye aliingia. Hakuna aliyethubutu kumtoa. Alitembea kando ya Dot. Dot ni mnene, mcheshi, anafuga kondoo, na wamekuwa marafiki tangu wakiwa wasichana.

"Hapa kwenye mlima umsubiri," Shangazi akamwambia. "Usimwite mapema, atairuka sehemu ya njano pale chini, na lazima aikanyage."

"Nimesikia, bosi."

"Na usimpigie makofi. Hapendi."

"Glenys, huyu mbwa namjua kuliko mume wangu."

"Mume wako kila mtu anamjua."

Walicheka, lakini Dot hakumaliza kicheko chake. Niliona akimtazama rafiki yake pembeni, wakati Shangazi anapiga hatua kutoka kiunzi hadi kiunzi, mkono ukimwonyesha njia mbwa asiyekuwepo.

Halafu saa ya kupimia mbio ikagoma. Watu wakaihangaikia, jua likapanda. Simu ya Shangazi ikalia: sukari nne tu, ukingoni mwa hatari, na mshale unatazama chini. Akatoa pakiti, akaanza kutafuna. Walipoitengeneza saa, jina lililoitwa lilikuwa la Spana.

"Dot!" Merv akaita kutoka mlangoni. "Mlete mbwa."

Dot alitazama kamba, akamtazama Spana, akamtazama Shangazi. Akapiga hatua moja na kushika kifundo cha mguu.

"Ai! Umeteguka."

"Nini kimeteguka?" Merv akauliza.

"Mguu. Huu hapa."

"Dot, umesimama tu!"

"Ndivyo inavyokuwa kwa watu wanene, Merv. Hata kusimama ni kazi." Akamkabidhi Shangazi mkanda wa mbwa. "Chukua mbwa wako, mama. Mimi ni mgonjwa."

Shangazi alikuwa ameshaanza kutoka jasho juu ya mdomo. Nililiona. Merv naye aliliona.

"Glen, usifanye hivi. Sukari yako iko chini, natazama uso wako. Muache mbwa, kuna mbio nyingine mchana. Mguu wa Dot utakuwa umepona, nina hakika."

"Merv," Shangazi akasema. "Toka mlangoni."

Akamimina pakiti nzima mdomoni. Mashavu yakavimba huku na huku kama ya panya buku. Nyingine akazitia mfukoni, mbele ya macho ya mwenyekiti, akavuka kamba.

Jambo moja hakulifikiria. Shangazi ni mtu wa kelele. Akimkimbiza Spana, sauti yake inasikika mpaka barabarani. Sasa mdomo umejaa, hawezi kutamka hata jina la mbwa. Alimfungua mkanda, akamweka nyuma ya kiunzi cha kwanza, akaenda mbele, akageuka. Spana alisubiri amri. Amri haikuja. Ulikuja mkono tu, umenyooshwa.

Mbwa akaruka.

Sijawahi kuona mbio kama ile. Hakuna sauti, ila buti za Shangazi kwenye nyasi kavu na pumzi ya mbwa. Bega likigeuka, Spana anageuka. Mkono ukishuka, Spana anaingia handaki. Kwenye mlima wa mbao Shangazi alisimama, mbwa akateremka mpaka kwenye njano, makucha yametulia, anamtazama usoni. Mate ya rangi nyekundu yalikuwa yanamtoka Shangazi pembeni mwa mdomo. Alikuwa anatafuna na kukimbia, anakimbia na kutafuna. Penye nguzo aliyumba, nikasikia Dot nyuma yangu akisema, "Simama, Glenys, simama," na mguu wake ulioteguka ulikuwa unapiga chini. Shangazi hakuanguka. Spana alitoka nguzoni, akaruka viunzi vya mwisho, na fito zote zilibaki juu. Kazi sikuwa nayo.

Watu wakapiga kelele. Merv alikuwa ameshafika kwa mwamuzi. Hakuwa na furaha, lazima niseme hivyo. Alikuwa na uso wa mtu aliyetumwa.

"Ana chakula," alisema. "Nimemwona mimi mwenyewe."

Ingrid Voss akamsogelea Shangazi. Shangazi alikuwa ameinama, mikono magotini, Spana akimlamba sikio. Mwamuzi akamtazama kwa muda. Akatazama kile kidude cha mkononi. Akazungumza polepole, na watu wote wakamsikia.

"Mama Trethowan. Nadhani ulikula nje ya kamba. Ukavuka ukiwa umeshameza. Siyo?"

Mlango wa kuponyokea aliufungua mwenyewe, mgeni yule, na Shangazi alitakiwa kupita tu. Dot alikuwa anatikisa kichwa juu chini, juu chini, kama kuku. Sema ndiyo. Neno moja, na Spana ni bingwa.

Shangazi akanyooka. Akafungua mdomo, akautoa ulimi wote nje. Ulikuwa na nyekundu, na kijani, na vipande vya jeli vimenasa kwenye meno.

"Nilikula ndani," akasema. "Tangu kiunzi cha kwanza mpaka cha mwisho." Akaugeuza mfuko wa suruali, pipi zikadondoka kwenye nyasi. Spana alizitazama, akageuza uso. "Hizi ndizo hongo yenyewe, Merv. Mwone anavyozigombania."

"Glen, sisemi kwamba..."

"Nimekula chakula uwanjani kwa sababu bila chakula ninakufa. Sitasema sikula ili ninyi mlale vizuri. Andikeni mlichokiona."

Mwamuzi akainua mikono yake na kuipishanisha juu ya kichwa. Mbio imefutwa. Niliona taya lake linacheza.

"Umekimbia vizuri sana," akamwambia Shangazi.

"Najua."

Shangazi akamfunga Spana mkanda. Akatembea kuelekea mlangoni, si haraka. Watu wakampisha. Mmoja akapiga makofi mara moja akaacha. Merv akamfuata hatua chache.

"Glen! Ipo mbio ya mchana. Dot atamkimbiza, ubingwa mnaupata leoleo. Usiwe kichwa ngumu, dada."

Hakugeuka. Alimpandisha Spana kwenye pikapu, akakaa kwenye usukani mlango ukiwa wazi, akasubiri simu imwambie sukari imepanda. Alijitoboa kidole pia, kuhakikisha. Nilimwendea na fito mkononi.

"Nije?" nikamwuliza.

"Wewe malizia kazi yako. Dot atakurudisha." Akafunga mlango.

Vumbi la pikapu lilikaa hewani muda mrefu juu ya barabara. Mchana Merv aliita jina la Spana kwa mbio ya pili, kwenye kipaza sauti. Akaliita tena, kama utaratibu unavyotaka, na mara hii kwa sauti ndogo. Dot alikuwa amekaa kwenye nyasi amevua kiatu, anakula soseji, hatazami upande wowote. Hakuna aliyeingia uwanjani. Klabu ilibadili sheria ile ya chakula mwaka uliofuata, Merv akaleta habari mwenyewe mpaka getini kwetu, na Shangazi akampa chai. Pale uwanjani hakukanyaga tena.