Maziwa ya Mbwa Mlangoni

Wakati wa vita tukiwa Bihambwe, jirani yetu alikimbia akatuachia mtoto wa mbwa, tumlee mpaka mfanyabiashara mmoja wa Butembo aje kumchukua alinde duka lake. Mbwa huyo alikuwa mtundu. Kila asubuhi alining'ata pindo la kitenge mpaka nimmiminie maziwa, kisha akalala juu ya kiatu cha mume wangu, akikoroma.

Asubuhi moja alikuwa anakunywa mlangoni, akaja mama mmoja mkimbizi kutoka Kibua kuomba maji, mtoto mgongoni. Mtoto alipoona bakuli, alinyoosha mkono. Mama yake akaurudisha polepole.

“Usikasirike, dada,” aliniambia. “Iko mutoto tu, hajue.”

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha! Uso uliniwaka. Nilimpa maziwa yote yaliyobaki katika bidoni, lile dumu letu la maziwa, lakini sikuweza kumtazama machoni.

Tangu hapo mbwa alikula makoko ya bugali yaliyoganda sufuriani, akinung'unika.

Mfanyabiashara alipofika, alimbeba akicheka. “Mama, imbwa yenu iko na afya kuliko batoto ba huku!”

Mume wangu naye alicheka. Mimi niliingia ndani, nikakaa huko mpaka pikipiki ya mfanyabiashara ilipoondoka.