Meno Yangu Manne ya Alhamisi

Naona aibu kuanza, lakini nusu ya mtaa wetu imeshaniona nimefunguliwa mdomo kama ng'ombe anayekaguliwa mnadani, sasa nimebakiza nini cha kuficha? Bora mnisikie mimi mwenyewe kuliko kumsikia jirani yangu Mama Sabas, maana yeye akisimulia anatia chumvi mpaka chakula hakiliki.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za kwaya na za shule hapa Sumbawanga mjini, na mwaka jana mama yangu mzazi alifariki. Sikulia. Watu wakanisifu, Mama Skola kajikaza kweli, nami nikaona sifa hiyo inanikaa vizuri, nikaendelea kujikaza, nikazika, nikapikia wageni, nikarudi kwenye cherehani, na kuanzia hapo nikawa mtu wa kufoka: mteja akichelewa nafoka, uzi ukikatika nafoka, jogoo akiwika nafoka (na jogoo mwenyewe si wangu). Mpaka siku binti yangu Skola, yuko kidato cha pili, alipokuwa anaosha vyombo, kikombe cha chai cha bibi yake kikamponyoka kikavunjika, nami nikamzaba kofi mbele ya wenzake watatu waliokuja kusoma naye. Kwa kikombe! Likizo ilipoanza akapanda gari akateremka Muze, kule bondeni, kwa shangazi yake, akanitumia ujumbe kwamba shule zikifunguliwa atatafuta uhamisho asome hukohuko, hawezi kuishi na mtu anayependa kikombe kuliko yeye. Nikipiga simu hapokei. Nikabaki na wiki tano kabla shule hazijafunguliwa.

Nilipokwenda kupima presha, nesi akaniangalia, akaniuliza mambo mawili matatu, akaniandikia kwenye karatasi namba ya mwanasaikolojia mmoja wa binafsi anayeitwa dada Oliva, ana chumba chake ghorofani kule karibu na soko. Nikazunguka na ile karatasi kwenye pochi siku tatu. Siku ya nne, Alhamisi, nikaenda.

Sasa hapo ndipo nilipojichimbia shimo. Kule juu kuna milango miwili, wa kushoto ni wa dada Oliva na wa kulia ni wa daktari wa meno, na chini kwenye ngazi wamechora jino kubwa jeupe ambalo hata asiyejua kusoma analielewa. Nimekanyaga ngazi ya kwanza tu, nasikia nyuma yangu, "Mama Skola! Unapanda wapi?" Nageuka, Mama Sabas, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya sala, na kikapu cha dagaa mkononi. Jamani, ningemwambia naenda kwa mwanasaikolojia, dagaa wake wasingeiva kabla mtaa mzima haujajua kwamba nimechanganyikiwa. Nikashika shavu, nikamwonyesha lile jino la ukutani. "Naenda kung'oa, mama, limenikesheza."

"Pole! Nenda, nakusubiri hapahapa," akasema, akaweka kikapu chini.

Nikapanda na jasho, pamoja na baridi yetu hii ya kuvaa makoti mawili. Nilikuwa nimejiandaa, msinicheke, kama mtu anayekwenda kuungama: dhambi zangu nimeziandika kwenye karatasi ya kukatia mitindo, kumi na moja. Nilitegemea kukuta kitanda, koti jeupe, na mama wa makamo mwenye miwani. Nikakuta viti viwili, kimeza chenye karatasi laini za kufutia machozi, na binti wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, kavaa sweta, ananiamkia, "Shikamoo mama." Nikajisemea moyoni, huyu ndiye atakayenisaidia mimi?

Kwanza akanieleza taratibu zake bila haraka. Kwamba nitakayosema yatabaki humo, isipokuwa akiona niko hatarini kujidhuru au kumdhuru mtu, hapo atatafuta msaada na mimi mwenyewe ataniambia. Kwamba yeye hatoi vidonge. Kwamba swali nisilotaka kulijibu naruhusiwa kuliacha. Halafu akauliza, "Nini kimekuleta leo, mama?" Nikakunjua karatasi nikasoma zote kumi na moja kwa mkupuo, nikainamisha kichwa nikamwuliza, "Haya, malipizi yangu ni nini?"

Mwingine angeangua kicheko. Yule binti hata mdomo haukumcheza. "Hapa hakuna malipizi, mama," akasema. "Hiyo namba saba, ya kikombe. Kikombe kilikuwa cha nani?"

Nikamwambia cha marehemu mama. Akanyamaza. Nikasubiri aseme kitu, hasemi, nikafikiri labda kasahau anachouliza, kumbe ananisubiri mimi, na katika ule ukimya nikasikia mtu analia kwa sauti ya kutisha, nikatafuta ni nani, ni mimi. Nililia machozi ya mwaka mzima, na yeye hakuniambia nyamaza, hakuniambia jikaze. Sijawahi kumwona mtu anayejua kukaa na kilio cha mwenzake namna ile, na nimeshahudhuria misiba mingi. Mwishoni akaniambia tutaonana kila Alhamisi, kwa kuanzia wiki sita, halafu tutatazama pamoja tumefika wapi. Wiki sita! Mimi nilidhani ni kama sindano, unachomwa mara moja unakwenda zako.

Nateremka macho mekundu, pua imevimba, Mama Sabas kaniona, "Maskini, wamekuumiza!" Akanifunga shavu kwa kitambaa chake, akanishika mkono mpaka nyumbani.

Basi Alhamisi ya pili ikabidi ning'oe la pili. La tatu nikang'oa Alhamisi ya tatu. Kila nikirudi naweka pamba shavuni, nafunga mtandio, nakunywa uji wakati jirani yuko karibu na nikijifungia ndani nakula mahindi ya kuchoma. Nilipomweleza dada Oliva kuhusu haya meno, safari hii alicheka, nikacheka naye, halafu akaniuliza, "Ukisema ukweli, unaogopa kitatokea nini?" Nikasema wataniona kichaa. Akasema si lazima niwaambie wote, naweza kuchagua mmoja ninayetaka ajue. Nikajua papo hapo ni nani, ila huyo hapokei simu. Alhamisi ya nne akakisogeza kile kiti cha pembeni, akasema tufanye kwamba Skola kakaa pale, nimwambie ninachotaka kumwambia. Kuongea na kiti! Nilijaribu mara tatu ndipo maneno yakatoka. Na nyie mnajua, kwetu mzazi hamwombi mtoto radhi, anampikia kuku tu mtoto anaelewa.

Jumamosi yake, asubuhi, nimekaa mlangoni natafuna mhindi, nasikia wimbo. Jumuiya nzima inakuja kumwona mgonjwa! Mama Sabas mbele na sufuria ya uji wa ulezi, nyuma akinamama wanane na Mzee Kasiani, mganga mstaafu wa zahanati. Nikautupa mhindi nyuma ya mlango, nikasahau pamba. Na mwishoni kabisa, na begi lake mgongoni, macho yamevimba, Skola na shangazi yake. Mama Sabas alikuwa amewapigia simu Muze kwamba meno manne kwa mwezi si kitu cha kawaida, mtoto aje amwone mama yake mapema.

"Mama, unakufa?" Skola akauliza.

Kabla sijajibu, Mzee Kasiani kashanikalisha kwenye kigoda. "Fungua mdomo, mama, tuone vidonda." Nikakaza taya. Mama Sabas akawasha tochi ya simu. Watu tisa wakainama. Nikafungua.

Mzee akahesabu chini, akahesabu juu, akarudia chini. "Meno yote yapo," akatangaza, "na huku kuna punje ya mhindi."

Mmoja akakohoa. Mwingine akasema taratibu, "Kumbe Alhamisi huwa anakwenda kwa nani?" Nikaona wazi wameshanipatia mwanamume, pengine hata nyumba wameshatupangia. Lakini aliyenikata maini ni Skola, alikuwa ameanza kurudi nyuma kuelekea barabarani, begi halijatoka mgongoni, uso wa mtu aliyeogopeshwa bure.

Nikasahau jumuiya. Nikasimama nikasema yale niliyokiambia kile kiti. "Skola, jino nilidanganya. Naenda kwa mwanasaikolojia, kwa sababu nilikupiga. Nilikuwa namlilia bibi yako, wewe nikakupa kofi. Nimekosa, mwanangu. Nisamehe."

Mbele ya watu wote hao. Mama Sabas sufuria ikamwinamia, uji ukamwagikia viatu vya Mzee Kasiani, hakuna aliyesogea. Skola akarudi polepole. Halafu akavua begi, akaliweka chini mlangoni, akasema, "Nani katupa mhindi huku?"

Shule zimefunguliwa na yuko kwangu. Nafoka bado, siwadanganyi, ila mara moja moja, na dada Oliva namwendea kichwa juu kupitia mlango wa kushoto. Mama Sabas wiki iliyopita alinifuata kwenye cherehani, akazungukazunguka kuhusu bei ya vitambaa, mwishowe akaninong'oneza, "Hivi, yule binti ana nafasi siku gani?" Nikampa namba na nimefunga domo langu.

Ila nimeapa, kusingizia ugonjwa siwezi tena. Kwa sababu tangu juzi jino la nyuma linaniuma kwelikweli, shavu limevimba, nazunguka mtaani nimelishika, na kila ninayemwambia anacheka mpaka anashika ukuta. Hakuna uji, hakuna wimbo. Aliyeamini ni mmoja tu. Jana jioni aliniletea uji wa ulezi kitandani, akaniambia nifungue mdomo, akatazama, akasema pole mama. Ulikuwa kwenye kikombe cha plastiki, kanunua yeye mwenyewe, kisichovunjika.