Koti la Bosi Liko Kwa Kiti

Leo tena nimeshinda nikingojea koti.

Niko ofisi yetu ya zamani hapa Kisumu. Nataka sahihi moja tu kwa barua ya matibabu ya mke wangu. Binti wa mapokezi ananiambia, "Mzee, bosi yuko. Si unaona koti yake kwa kiti?"

Nikafungua mdomo nimgombeze. Nikaufunga.

Hayo maneno ni yangu.

Meneja wetu wa kwanza alikuwa akifika saa moja asubuhi, na sisi makarani tulikuwa tunamtangulia. Miaka ya themanini akaja mwingine. Huyo anatundika koti kwa kiti, halafu anaenda shambani kwake. Mwezi haujaisha, sisi wote saba tulikuwa na koti la pili, mitumba ya soko la Kibuye, la kukaa ofisini tu. Mama wa usafi alikuwa akiyapangusa vumbi, jamani!

Siku moja akaja mke wa dereva wetu kutoka Kombewa. Bwanake ni mgonjwa, anataka barua ya hospitali. Nikamwambia, "Mama, mkubwa yuko, koti yake ndiyo ile."

Alikalia benchi siku tatu.

Siku ya nne hakuja. Tukaletewa habari za matanga ya dereva.

Hakuna mtu alitoa koti lake kwa kiti. Hata mimi.

Nyinyi tuliofanya kazi pamoja, niambieni: yule binti ningemgombeza kwa mdomo gani?

Benchi ni ile ile. Kesho itakuwa siku yangu ya tatu.