Twila Stidham, Namba Moja wa Caney Ridge

Siku ya kwanza Twila Stidham alipopanda basi langu nilimuuliza jina, akasema anaitwa Anna. Nikaandika Anna kwenye orodha ya safari. Wasichana wenzake wakamwita Anna, na kwa kuwa Kocha Maxine Rudd alikuwa na tabia ya kuita kila mtu kwa jina la ukoo, hakuna aliyegundua kitu. Zikapita wiki mbili. Kisha baba yake, Orville, mchimba makaa ya mawe kutoka huko mabondeni, akaja na pikapu kumletea blanketi la baridi. Akasimama mlangoni pa ukumbi wa michezo akaniuliza Twila yuko wapi.

Nikamwambia Twila hatunaye, tuna Anna Stidham.

Orville akavua kofia, akacheka kimya kimya. "Ndiye huyo huyo," akasema. "Herufi ya kwanza ya jina lake inamkaba. Akiona mtu ana haraka, anachukua jina la bibi yake."

Nimeendesha basi la timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, Chuo cha Caney Ridge, miaka ishirini na miwili. Siku za mechi nilikaa mwisho wa benchi, mimi na chupa za maji, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona na kuyasikia mwenyewe. Wachezaji wazuri nimewaona wengi. Twila ndiye ninayemkumbuka nikisikia tu mpira unadunda.

Alikuwa mfupi, mabega mapana kama ya baba yake, na mikono yake ilikuwa na akili kuliko vichwa vya watu wengi. Kwao alijifunzia kwenye ringi iliyopigiliwa kwenye banda la kukaushia tumbaku, juu ya ardhi yenye mawe na mizizi, ambapo mpira ukidunda hujui utaruka upande gani. Alipokuja kukanyaga sakafu yetu ya mbao iliyonyooka, aliona kama anadanganywa, mambo yamekuwa rahisi mno. Kocha Rudd alimwona kwenye mashindano ya shule, akaenda bondeni Jumapili hiyohiyo, akala mezani kwa akina Stidham na kuwaambia atamsomesha binti yao bure.

Kitu ambacho kocha hakukiona ni kigugumizi. Shuleni kwao Twila alicheza na mabinamu na majirani waliokua naye. Akigeuza kichwa tu, wanajua mpira unakwenda wapi. Huku chuoni alikuwa namba moja, yule anayeleta mpira mbele na kutangaza mpango, na wenzake wanne walikuwa wageni waliosubiri kusikia neno. Na kocha wetu, Mungu amrehemu, alikuwa ameipa mipango yake majina ya miji aliyowahi kuchezea: Tulsa, Tampa, Toledo, Dallas, yote kwa herufi zilezile zilizomkaba Twila.

Mechi ya kwanza nyumbani, dakika ya sita, kocha akaonyesha vidole viwili, maana yake Tulsa. Twila akavuka nusu ya uwanja akidunda mpira kwa mkono wa kushoto, akafungua mdomo, na neno likagoma. Nilimwona kidevu kikitetemeka. Wenzake wamesimama, wanamtazama. Saa ya kushambulia ikahesabu sekunde zake thelathini zote, kengele ikalia, na mpira akapewa adui bila mtu yeyote kumgusa. Watu jukwaani wakacheka. Walidhani msichana amepigwa na bumbuwazi.

Kocha akamtoa. Asubuhi yake nikamkuta Twila amekaa kwenye ngazi ya basi na sanduku lake. Akanipa karatasi aliyoiandika: aliniomba nimfikishe kituo cha mabasi ya kwenda kwao. Nikamwambia sawa, lakini basi si langu, ngoja nichukue ruhusa. Nikaenda moja kwa moja kwa Kocha Rudd.

Kocha alitoka na kikombe cha kahawa mkononi, akakaa naye pale kwenye ngazi. Hakumpa pole. Alimuuliza maneno gani yanatoka bila shida. Twila akainua mabega. Kocha akamwambia aandike, akamgeuzia ile karatasi yake ya kuaga. Ilichukua muda. Alipomaliza, kulikuwa na orodha ya vyakula vya mezani kwa mama yake: maziwa, asali, mahindi, uji.

"Basi," Kocha akasema. "Tulsa imekufa. Kuanzia leo ni Maziwa. Rudisha sanduku bwenini, mazoezi saa tisa."

Mazoezini wasichana walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akauliza kama Uji utakuja na sukari. Lakini Twila alipopita katikati yao akisema "Asali, Asali," sauti imetulia kama mtu anayeagiza dukani, na mpira ukamfikia kila mmoja mahali alipoupenda, kicheko kikaisha chenyewe. Kufikia mwezi wa pili mji mzima ulikuwa unajua. Kinyozi alibandika dirishani karatasi ya matokeo, chini yake ameandika tumeshinda kwa uji.

Mtu aliyemsumbua zaidi, kwa nia njema kabisa, alikuwa Yolanda Broadus, mchezaji wetu mrefu kuliko wote, msichana wa Louisville mwenye roho kubwa na maneno mengi. Yolanda hakuweza kuvumilia kumwona Twila akihangaika. Twila akianza sentensi, Yolanda anaimalizia. Twila akiomba chumvi, kabla hajafika kwenye chumvi keshapewa. Hali hiyo iliendelea hadi mapema mwaka wa pili. Siku moja tumepumzika nusu ya mechi, tuko nyuma kwa pointi tisa, Yolanda amekosa mitupo saba mfululizo. Twila akaanza kueleza jambo kuhusu mlinzi wao wa upande wa kulia, na Yolanda akadakia.

Twila akanyanyua kiganja. Akangoja hadi chumba kikanyamaza.

"U-u-usinimalizie maneno, dada," akasema. "Mimi s-sikumalizii mitupo yako."

Kisha Yolanda mwenyewe ndiye aliyeangua kicheko, akajipiga paja, machozi yakamtoka. Akasema haki ya Mungu amekomeshwa. Kuanzia hapo akawa anangoja, hata ichukue dakika nzima, na akimwona mtu mwingine anataka kudakia, anamkazia macho. Kipindi cha pili alifunga pointi kumi na nane, kumi na nne kati ya hizo kwa pasi za Twila.

Miaka mitatu walicheza hivyo. Kule Marlow, wapinzani wetu wakubwa, wanafunzi walipata habari zake, na aliposimama kwenye mstari wa adhabu, jukwaa zima likaanza kugugumia kwa pamoja, t-t-t-t, kwa mdundo. Yolanda alitaka kwenda kupigana na watu mia tatu. Twila akamshika fulana, akarudi mstarini, akatupa wa kwanza, ndani, wa pili, ndani. Wakati wa kurudi nikamuuliza, nikimtazama kwenye kioo cha basi, kama yale makelele yamemuuma. Akafikiri.

"Yameuma," akasema polepole. "Lakini wamekwenda p-pamoja vizuri, Mzee Purvis. Sisi hata wimbo wa chuo hatujawahi kuuimba hivyo."

Mwaka wake wa mwisho tukafika fainali ya ligi ya vyuo vya milimani. Orville alikuja na suti, na kifua chake wakati huo kilikuwa kimeanza kumsumbua, akawa anapanda jukwaa ngazi moja na kupumzika. Sekunde nane zimebaki, tuko nyuma kwa pointi moja, mpira wetu. Kocha akaagiza Maziwa, yaani mpira umwendee Yolanda. Twila akavuka, akaona Yolanda amezungukwa na watu wawili, na papo hapo akaona kwamba mwenzake Debra Fugate, pembeni kushoto, ameachwa peke yake kabisa. Ilibaki kumwita tu.

Nilimwona akifungua mdomo. Kidevu kikatetemeka kama siku ile ya kwanza. Jina la Debra halikutoka. Akapiga pasi hivyohivyo, pasi iliyonyooka, kwenye mikono ambayo ingekuwa tayari kama mwenyewe angekuwa anatazama. Debra alikuwa anatazama saa. Mpira ukampita bega ukatoka nje, na ubingwa ukaenda nao.

Chumba cha kubadilishia nguo mlango ulikuwa wazi, nami nilikuwa nakusanya chupa. Twila alikaa na taulo kichwani. "Jina lako h-halikutoka," akamwambia Debra. "Nisamehe."

Debra alikuwa analia kuliko yeye. "Wewe hukutakiwa kuniita," akasema. "Miaka yote hii naangalia mikono yako. Leo nikaangalia saa. Ni kosa langu, Twila, na usilichukue."

Wakakaa hivyo wakiwa wameshikana, kila mmoja akigombea kosa. Nje Orville alikuwa amesimama ukutani. Binti yake alipotoka, alimwambia neno moja tu, "Pasi ilikuwa nzuri, mama," akambebea mkoba hadi kwenye basi, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyehitaji kubebwa.

Timu za kulipwa za wanawake nchini kwetu enzi hizo hazikuwapo za kutegemea, na Ulaya hakutaka kwenda. Alirudi bondeni, akamwuguza baba yake miaka minne hadi alipofariki, akaolewa na tarishi mmoja mpole anayeitwa Lester, akaanza kufundisha hesabu na timu ya wasichana kwenye shule ileile aliyosoma. Yuko hapo hadi leo. Ubingwa wa jimbo hajawahi kuuchukua. Nusu fainali amefika mara mbili.

Majira ya baridi yaliyopita nilikwenda kumtazama. Anagombana na marefa kuliko kocha yeyote niliyewahi kumwona. Na kwa kuwa malalamiko yake huchukua muda, marefa wa wilaya ile wamezoea: wanasimama, mpira kwapani, wanamsikiliza hadi neno la mwisho, halafu wanamkatalia. Baada ya mechi, ambayo walishinda, alinipeleka nyumbani kwake. Lester alikuwa amepika nyama na viazi. Tulikula, yeye akichora mipango kwa uma juu ya kitambaa cha meza, akinieleza kuhusu msichana wake mmoja wa darasa la tisa mwenye mkono wa kushoto mzuri ajabu, na chakula chake kikapoa bila yeye kujua.